Ipi Ni ya Kwetu

Saarbrücken, 9 Oktoba 1994

Babu mpendwa,

Mungu akusalimu. Mzigo wako umefika mzima, na umefika siku yenyewe ya kuzaliwa kwangu. Mama alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo nimeufungua peke yangu jikoni. Chupa mbili za bia umezifunga ndani ya soksi zako za sufu. Naomba unijibu kwa ukweli kama ulizifua, maana jirani wa chini amegonga kuuliza kama kuna jibini limetuharibikia.

Nimefanya kama tunavyofanya kwetu. Ile yenye kamba nyekundu shingoni nimeimimina kwenye glasi moja, ya kamba nyeupe kwenye nyingine, kamba nikazificha chini ya glasi, nikafumba macho na kuzihamisha hamisha mpaka nikapotea mwenyewe. Ndipo nikaonja.

Bia ya Machi. Hii niliikoroga kwa mikono yangu, unakumbuka? Siku ya theluji ya mwisho, kwenye jiko la kijiji, wewe unachochea kuni na jirani yetu Bibi Rosina anakusema kwamba unaunguza. Sufuria moja, togwa moja ya shayiri. Halafu nusu ikaenda kwenye handaki letu la chini ya nyumba, nusu kwenye handaki lake ng'ambo ya njia, kila nusu ikachacha kivyake. Mwalimu wa kemia hapa hakubali kwamba togwa moja inaweza kuzaa bia mbili. Sikumbishia. Unanijua. Nimeletwa shule ya lugha mbili, sasa nanyamaza kwa Kijerumani na kwa Kifaransa.

Kamba nyeupe: ganda la mkate, asali kidogo, ukimeza imekwisha. Kamba nyekundu: ganda la mkate lilelile, lakini nyuma yake kuna jiwe lililolowa, na harufu ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, halafu uchungu unaokaa kooni kama mgeni aliyekwisha kuaga na bado ameshika kitasa cha mlango.

Nyekundu ni ya kwetu. Siulizi, nakwambia.

Babu, mpango wetu uko palepale. Mwezi wa sita namaliza darasa la kumi, narudi Steinreuth. Nitakaa chumba changu cha juu, mchana nitajifunza upishi wa bia kwenye kiwanda cha mjini, jioni nitashuka handakini na wewe. Mama amesema, "Tutaona." Shule inataka jibu kabla ya likizo ya Pasaka. Langu ninalo tayari, nangoja tu tarehe.

Mjukuu wako,
Vroni


Steinreuth, 17 Oktoba 1994

Vroni wangu,

Soksi zilifuliwa. Mwambie huyo jirani kwamba hiyo ndiyo harufu ya mtu aliyefanya kazi.

Nyekundu. Ni ya kwetu. Barua yako nimempelekea Rosina aisome. Alipofika kwenye "ukimeza imekwisha" akavua miwani. Akaniandikia kwenye ubao wake, maana amechoka kunipigia kelele: "Huyo mtoto alikuwa hasemi. Nani amemfundisha kutukana?" Nikamwambia hajafundishwa, ni damu.

Unajua nilikumbuka nini? Ulikuwa hujafikisha hata urefu wa meza. Tunakugeuza utupe mgongo, Rosina anamimina, wewe unachovya kidole kwenye povu la huku, kwenye povu la kule, halafu unanyoosha kidole. Neno hata moja. Watu walikuwa wanasimama mlangoni na vikombe vyao kukutazama. Hukukosea kamwe. Marehemu bibi yako alikuwa akisema, huyu hata akipotea gizani atarudi kwa kunusa.

Baba yako alikuja Jumapili na wageni. Walizisifu ngazi. Nimewapa figili na mkate mweusi, wakala kama watu wasio na haraka.

Simu usipige. Naishika tu kama kiatu, sisikii kitu. Andika.

Babu Emmeram


Saarbrücken, 28 Desemba 1994

Babu,

Heri ya Krismasi, na asante kwa kofia, na kwa boki, ile bia nzito ya Krismasi. Mama ameionja pia mara hii. Amesema, "Mimi naona zote ni bia," akacheka, halafu akaacha kucheka.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na mafua. Boki yenyewe ni nzuri sana. Nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa, tamu ya zabibu kavu, na joto lake linashuka mpaka tumboni. Zote mbili ziko hivyo. Nimeonja huku, nimeonja kule. Nadhani nyeupe. Ndiyo, nyeupe ni ya kwetu.

Nina jambo dogo. Nilipomsomea Mama ile barua yako, pale penye wageni waliosifu ngazi, alisimama akaenda kuosha sahani. Ilikuwa sahani safi. Mmegombana?

Halafu niambie nyota yetu ya mbao itatundikwa lini. Nikifumba macho naiona pale juu ya mlango kwenye mti wake, ile ncha moja iliyovunjika, na watu wanaanza kuja kwa sababu wameiona: leo bia iko kwa Emmeram. Huku ukitaka kumtembelea mtu inabidi umwombe wiki moja kabla.

Vroni


Steinreuth, 6 Januari 1995

Vroni,

Nyeupe. Umepata.

Nyota bado. Kuna barafu, na mimi na ngazi hatuelewani siku hizi. Na mama yako sijagombana, wala usimuulize maswali, anafanya kazi sana.

Anwani andika ileile ya zamani. Gerlinde wa posta ananijua.

Babu


Saarbrücken, 12 Machi 1995

Babu,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Bia ya Kwaresma ilifika Jumatano. Nilisubiri Jumamosi ili niwe na ulimi mtulivu, sikula kitunguu, sikula chochote chenye pilipili, nikanywa maji tu na mkate mweupe. Nilimwomba Mama animiminie nami nimempa mgongo, kabisa kama kwetu. Nikaonja. Kimea kilichokaangwa, ganda zito la mkate, uchungu wa mbali. Nikaonja nyingine. Kimea kilichokaangwa, ganda zito la mkate, uchungu wa mbali. Nikasema nyekundu. Nikamwambia azihamishe tena. Nikasema nyeupe. Tena, nikasema nyekundu. Mama akaweka chupa chini akaniambia, "Inatosha, mwanangu." Sikukubali mpaka zikaisha gesi.

Sasa nikwambie ukweli. Hata ile ya Krismasi nilibahatisha. Sikuwa na mafua. Nilitafuta jiwe letu kwenye glasi zote mbili, sikuliona popote, nikaogopa kukuambia. Wewe ukanijibu nimepata, nami nikafurahi kama mwizi.

Nafikiri ulimi wangu umehama. Unaongea Kifaransa, unakunywa maji ya bomba ya huku, umesahau. Shuleni wakiniuliza natoka wapi nilikuwa sijibu kwa aibu, lakini ndani nilikuwa najua. Najua kitu ambacho hakuna mwingine darasani anakijua: naweza kufungwa macho nikaonyesha nyumba yetu kwa kidole. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho, Babu. Sina sauti, sina marafiki, sikimbii wala siimbi. Nilikuwa na hicho.

Mtu asiyeijua bia ya kwao ataipikaje? Ataitunzaje? Nimeamua nitabaki shule. Nitawapa jibu kabla shule haijafungwa. Na Pasaka sitakuja, naomba usinikasirikie. Sitaki Bibi Rosina anigeuze nimpe mgongo, amimine, halafu kidole changu kibaki hewani watu wakitazama.

Nisamehe.

Vroni


Steinreuth, 19 Machi 1995

Vroni, mjukuu wangu,

Nimekaa na barua yako mfukoni siku kadhaa. Nimeipeleka kanisani, nimeirudisha. Rosina amenitazama mpaka amechoka, mwishoni akachukua ubao akaandika: "Mwandikie, mzee mjinga." Basi nakuandikia.

Ulimi wako haujakosea. Haujahama. Umeniambia hasa kilichokuwamo ndani ya chupa. Zote mbili zilitoka kwa Rosina. Hizi za Kwaresma, na zile za Krismasi pia. Pipa moja, bia moja. Mimi nilifunga kamba tu.

Ya Machi, ile uliyoonja siku ya kuzaliwa, ndiyo ilikuwa ya mwisho ya handaki letu.

Nyumba imeuzwa, Vroni. Wale wageni waliosifu ngazi ndio walioinunua. Niliiandikisha kwa jina la baba yako siku ya harusi yake, kwa mkono wangu na kwa furaha, nikifikiri nyumba ikipata vijana imepata maisha. Yeye na mama yako walipoachana ikabidi wagawane, na nyumba si mkate, huwezi kuikata katikati. Mama yako hakuidai. Nataka ulisikie hilo kuliko yote mengine. Alipiga simu akilia, mimi sisikii, Rosina ndiye aliyeshika simu na kulia naye. Ni mimi niliyemwambia akae kimya. Niliona, mtoto akijua nyumba iliuzwa kwa sababu wao wawili waliondoka, atambeba mama yake kifuani kama jiwe. Kwa hiyo ukinikasirikia, nikasirikie mimi.

Sasa niko kwa Rosina, vyumba viwili vya juu. Dirisha langu linatazama mlango wetu. Waliohamia ni watu wazuri, wametoka Nuremberg, wananisalimu. Handakini wameweka baiskeli. Unaijua desturi yetu: haki ya kupika bia inakaa na nyumba, haimfuati mtu. Niliondoka na kitanda, picha ya bibi yako na nyota, kwa sababu wao waliniuliza kama ninaitaka hiyo mbao.

Utauliza kwa nini nilituma chupa mbili. Nimejiuliza pia. Nilifikiri hivi: atafungua, atazionja, moja ataichagua aseme hii ndiyo ya kwetu. Na ile atakayoichagua itakuwa ya kwetu. Hivyo tu. Angalau kwenye meza moja duniani handaki letu lingekuwa bado linachachua bia. Sikufikiri kwamba ulimi wako ni mkweli kuliko mimi.

Na nikwambie na hili, maana nimeshaanza. Barua yako ilipofika nilitaka kunyamaza. Anabaki shule, nikasema, vizuri, atakuwa msomi, hatajua kamwe kwamba hakuna pa kurudi. Ilikuwa njia rahisi. Lakini ungeishi maisha yako yote ukiamini umepoteza kitu ambacho hujakipoteza. Nyumba niliweza kuiacha iende. Hicho sikuweza.

Ukitaka shule, baki shule. Usibaki kwa ajili ya ulimi.

Babu yako,
Emmeram


Saarbrücken, 24 Machi 1995

Babu,

Nimesoma.

Nilisugua ulimi kwa chumvi mpaka ukatoa damu. Sikukuandikia hilo. Nililala na aibu juu ya chupa mbili za bia ya mtu mwingine, na wewe ukaniandikia, "Umepata."

Baba alijua. Mama alijua, alinimiminia akijua, akatazama ninavyohangaika. Bibi Rosina alijua. Gerlinde wa posta alijua, alikuwa anabeba barua zangu mlango wa pili. Kijiji kizima kilijua. Mnasema wewe ndiye kiziwi, kumbe kiziwi nilikuwa mimi.

Ungeniambia ningekuja Novemba nishuke handakini mara moja. Mara moja tu. Nishike ukuta.

Usinitumie chupa tena.

Veronika


Steinreuth, 5 Aprili 1995

Vroni mwanangu,

Ni mimi, Rosina wa ng'ambo ya njia. Mwandiko wangu utauvumilia, nimezoea ubao.

Babu yako ametuacha jana. Alikula mchana, maandazi ya mvuke na kabichi, akalalamika kwamba kabichi halina chumvi, akapanda juu kulala. Nilipompelekea kahawa alikuwa ameshaondoka. Uso wake ulikuwa wa kawaida, wa mtu anayefikiria jambo. Nimempigia mama yako, atakuambia kabla ya barua hii, lakini kuna jambo la kwako ambalo simu haiwezi kulisema.

Barua yako ya mwisho ilimfika. Najua utakuwa unalifikiria hilo kuliko kifo chenyewe, maana ndivyo ulivyo. Niliiona bahasha, nikaona umeandika Veronika, nikasema basi leo atavunjika. Aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Halafu akanigeukia, macho yamejaa maji na anacheka, akasema kwa ile sauti yake ya kupiga kelele ya viziwi: "Rosina, hii nimeisikia."

Aliiweka mfuko wa shati. Ilikuwa humo hata jana. Nimeiacha humo, na ndivyo atakavyozikwa, baba yako amekubali.

Mazishi ni Ijumaa. Chumba kipo.

Rosina Gmeiner


Steinreuth, 9 Aprili 1995

Mama,

Niliondoka bila kukuaga vizuri, na nilipanda treni nikiwa bado sisemi na wewe. Ulinipa mkate wa njiani nikaupokea kama napokea kwa mtu wa dukani. Nakuandikia kwa sababu ukinitazama nitashindwa. Barua itakufika kabla yangu.

Tumemzika Babu kando ya Bibi. Baba alilia kwa sauti, sijawahi kumsikia. Halafu akanifunga kitufe cha koti kilichokuwa kimefungwa tayari.

Nimelala chumba cha Babu. Ile nyota yetu ilikuwa juu ya kabati, uso kwenye ukuta. Sikuigeuza. Asubuhi nilikaa kwenye kiti chake nikaona alichokuwa anakiona majira yote ya baridi: mlango wetu, umepakwa rangi ya kijani. Wakati naandika kwamba nataka kuona nyota yetu ikitundikwa, yeye alikuwa amekaa hapo. Bibi Rosina amesema chumba ni changu kama nataka kuja mwezi wa sita, kiwanda cha mjini bado kinanichukua. Nimemwambia hapana, asante. Siwezi kukaa hapo dirishani, Mama. Yeye aliweza kwa ajili yangu. Mimi sina mtu wa kumfanyia hivyo.

Wale wa Nuremberg wamenishusha handakini. Mwanamke alinishikia taa, ni mtu mzuri kweli. Nilishika ukuta. Nilivuta pumzi mpaka mwisho. Mpira wa matairi, na chokaa mpya. Wamepaka mawe chokaa, ili pawe safi. Nikasema asante, tukapanda.

Baada ya mazishi watu wote walikuja kwa Bibi Rosina kula. Nyama ya kuvuta moshi, jibini la kitunguu, kila kitu alichokipenda. Wazee walikuwa wanacheka kuhusu soksi zake. Bibi Rosina akatoka handakini na jagi mbili. Nadhani mikono yake ilifanya bila kumuuliza, maana alipoziweka mbele yangu alishtuka mwenyewe, akataka kuondoa moja. Wote waliniona nikiwa mdogo, wote wanajua mchezo.

Nikamwambia aache. Nikaipa meza mgongo, kama zamani. Nikasikia anamimina. Nikageuka, nikaonja ya kwanza. Nikaonja ya pili. Wakawa wanangoja kidole.

Sikunyoosha kidole. Nilisema kwa sauti, mpaka walio mlangoni wakasikia, "Zote ni za kwako, Bibi Rosina. Ya kwetu haimo."

Akasema, "Ndiyo, mwanangu. Haimo."

Narudi Jumanne kwa treni ya jioni. Siji kukulaumu, Babu alinikataza, na hata asingenikataza nisingekulaumu. Ila nataka ujue jambo hili kabla hatujaonana, kwa sababu wewe ndiye uliyenimiminia ile Jumamosi na ukaniona ninavyohangaika. Ulimi wangu ni mzima, Mama. Nilijibu sawasawa, mbele ya watu wote, sikusita hata kidogo.

Vroni